Gitaa Lenye Tumbo

Msomaji, nakuuliza swali moja na usinijibu haraka. Katika taarab zote ulizowahi kuhudhuria, uliwahi kumtunza mpiga besi? Mwimbaji umemtunza, najua. Umeinuka kitini na noti yako, ukaipunga hewani ili waliokaa nyuma waione vizuri, ukaenda kwa madaha mpaka mbele. Mpiga fidla labda ulimtupia jicho, kwa sababu fidla inajua kujipendekeza. Lakini yule mtu aliyesimama nyuma kabisa, kakumbatia chombo kirefu kuliko yeye, anachopoa nyuzi moja moja kama mtu anayeng'oa mihogo bila ya haraka, ulimwona? Mimi nimezaliwa Unguja hii hii na nilikaa miaka ishirini na mbili bila ya kumwona.

Sasa nina miaka ishirini na sita, na simwoni mwengine ila yeye.

Ugonjwa huu niliupata hapa hapa kwetu Chukwani. Watu wa mjini wanaijua Chukwani kwa kasri la Sayyid Barghash na kwa Baraza la Wawakilishi. Sisi wenyewe tunaijua kwa ndege, maana uwanja uko jirani, na ikipita moja mazungumzo ya barazani yanakatika, watu wanangoja midomo wazi, ikishapita wanaendelea pale pale walipoachia. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka kama yalivyotoka (tusichimbe), na tangu hapo kazi zangu ni mbili: mchana namsaidia ami yangu dukani, usiku naandika riwaya. Nimejaza kaunta buku tano. Nikiulizwa nataka kuwa nani, nasema nataka kuwa kama Adam Shafi, halafu nanyamaza, kwa sababu mtu aliyeandika Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli si wa kujilinganisha naye hali umekaa juu ya gunia la mchele.

Katika riwaya yangu kuna mwanamuziki. Nilimchagua mwanamuziki kwa uvivu, nakiri. Nilidhani wanamuziki wanaandikika kirahisi: wanapenda, wanaachwa, wanafilisika, kitabu kimekwisha. Nikamfanya mpiga besi kwa sababu neno lenyewe lilinipendeza mdomoni. Sura ya kwanza ilianza hivi, na nawapeni bure nyinyi waandishi wenzangu mcheke: "Besi ililia usiku kucha kama mjane aliyeachwa na watoto saba."

Jirani yetu wa nyumba ya tatu ni mzee ambaye ujanani alipiga besi. Jina lake silitaji. Sote mtaani tunamwita Babu, hata wale ambao si wajukuu zake. Jioni moja nilimpelekea kaunta buku la kwanza, nikakaa kitako, nikamsomea ile sentensi kwa sauti ya mtangazaji. Babu alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Besi hailii, mjukuu wangu," alisema alipopata pumzi. "Fidla inalia. Nai inalia. Besi inakwenda. Hao wenziwe wanapata nafasi ya kulia kwa sababu wanajua yeye anakwenda, hatowaacha njiani."

Nikauliza, kwani kwenda kwenyewe kukoje? Akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa, akaingia ndani, akatoka na gitaa.

Nilikuwa nimezoea kuona magitaa ya besi ya siku hizi, ubao mtupu uliochongwa pembe mbili. Lile lilikuwa na tumbo. Pana, jembamba upande, lina mabega mawili ya duara, rangi yake nyekundu ya kahawia katikati na inazidi kuwa nyeusi kila ukikaribia ukingoni, kama mkate wa ufuta uliopitiliza motoni. Kifuani lina matundu mawili marefu yenye umbo la herufi f, sawasawa na ya fidla. Na lilikuwa linanukia. Nikainamia tundu, nikavuta pumzi: karafuu. Babu huzimimina humo ndani konzi moja kila mwaka ili mende wasifanye makao. Ukilitikisa, linalia kama kayamba.

Naomba univumilie kidogo nikueleze chombo hiki, kwa sababu bila ya kukielewa utaona nimepagawa bure. Gitaa la besi la umeme lililoenea duniani ni lile la Fender la Marekani, lililotoka mwaka 1951. Ni mti mzima, hauna uwazi ndani. Ukilipiga bila ya umeme husikii kitu ila nyuzi zinapiga chafya. Kabla yake kulikuwa na besi kubwa la kusimama, hili la kwenye taarab, ambalo ndani ni tupu kama mtungi na halihitaji umeme wa mtu. Sasa katikati ya ndugu wawili hawa kuna wa tatu, na huyo ndiye aliyeniteka: pembeni ana uwazi, lakini katikati, tangu shingoni mpaka chini, limepita gogo.

Gogo hilo si pambo. Chukua gitaa tupu kabisa uliweke karibu na spika kubwa. Sauti inatoka katika spika, inalitikisa tumbo la gitaa, tumbo linatikisa nyuzi, nyuzi zinairudisha sauti ile ile katika spika, na kabla hujasema bismillahi ukumbi mzima unanguruma na watu wameziba masikio. Gogo linalituliza tumbo. Mpiga gitaa wa Kimarekani, Les Paul, alilijua hilo mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alichukua boriti ya mti, akaitia nyuzi na sumaku, na kwa kuwa watu waliidharau sura yake akaibandika mbavu za gitaa la kawaida kushoto na kulia. Kiwanda cha Gibson kilipokuja kutoa magitaa ya namna hii mwaka 1958, kilitoa na la besi, likaitwa EB-2. Baadaye yakaja Epiphone Rivoli na Guild Starfire, na Wajerumani wakatengeneza yao, Wataliana yao, Wajapani yao, maana miaka ile ya sitini kila kijana duniani alitaka kuwa na bendi.

Na sauti yake? Hapa ndipo kalamu yangu inaposhindwa, na msinicheke tena. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Ni kidogo sana, karibu unaweza kuzihesabu. Gitaa la mti mzima linaishika sauti hiyo na kuivuta, inakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Gitaa lenye tumbo linaitoa nene, ya duara, halafu linaiacha ife mapema. Na kule kufa mapema ndiko kunakompa mwenye dumbaki nafasi. Babu anasema sauti ya besi ikikaa sana inaziba mlango.

Nikaanza kuwasaka wapigaji. Simu yangu skrini yake ina ufa, lakini inasikika. Nikamkuta Jack Casady wa Jefferson Airplane na Phil Lesh wa Grateful Dead, wote wa San Francisco, wote walipiga Guild Starfire miaka ile ya sitini, na wote hawakutosheka. Mafundi wa Alembic wakayafungua matumbo ya magitaa yao na kuyatia mitambo mengine. Chas Chandler wa The Animals alikuwa na Rivoli. Bill Wyman wa Rolling Stones alikuwa na Framus ya Kijerumani, na anasimama tuli na gitaa lake kama mtu anayengoja dala-dala. Huyo nilimpenda kwa kule kusimama kwake.

Paul McCartney nilimfikia mwisho, kwa sababu kila mtu anaanza naye. Besi lake la Höfner, lenye umbo la fidla, kwa kweli halina gogo, ni tupu moja kwa moja, kwa hivyo wakereketwa wengine hawalihesabu katika ukoo huu. Babu analihesabu. "Lina tumbo, basi ni letu." McCartney alilinunua Hamburg mwaka 1961, yeye ni mwenye mkono wa kushoto, akaona kwa kuwa pande zake mbili ni sawa, hata ukiligeuza halionekani limepinduka. Mwaka 1972 likaibiwa London, ndani ya gari. Likapotea zaidi ya miaka 50. Februari 2024 ikatangazwa kuwa limepatikana, limekaa darini kwenye nyumba ya watu, na limerudi kwa mwenyewe. Habari hii nilimsomea Babu barazani, akauliza jambo moja tu: "Nyuzi zake walizilegeza?" Maana gitaa likiwekwa na nyuzi zimekazwa shingo inapinda.

Lakini msidhani nilikwenda Ulaya nikapotea huko. Babu ndiye aliyenirudisha. "Sikiliza nyumbani kwanza," alisema, akaniambia nimtafutie Sina Makosa ya Les Wanyika. Nani hajui Sina Makosa? Nimeisikia harusini, kinyozini, chomboni. Babu akasema, sasa isikilize kwa makalio. Ndivyo alivyosema, mhariri akitaka afute. Alikusudia nikae juu ya kiti cha mbao, spika chini ya kiti, nisisikilize waimbaji wala magitaa ya juu. Nikamsikia Tom Malanga kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na mtu huyo alikuwepo siku zote! Anaacha mapengo. Anapiga, anaacha, na ule wimbo unaegemea pale alipoacha. Tukahamia kwa Franco na OK Jazz, tukamsikiliza Mpudi Decca, ambaye yeye haachi mapengo mengi lakini anatembea kama mtu anayejua soko lote. Kwa hawa sizungumzii aina ya gitaa. Nazungumzia vidole.

Na taarab je? Kwetu Unguja vikundi vikongwe, Nadi Ikhwan Safaa cha mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vimelilea besi la kusimama. Waliothubutu kulitia gitaa la besi la umeme mapema ni vijana wa Tanga, Black Star na Lucky Star, katika miaka ya 1960, na wazee wa udi na kanuni waliguna. Siku hizi nimehudhuria harusi ambapo besi yote inatoka kwenye kinanda, kijana anaibonyeza kwa mkono wa kushoto na mkono wa kulia anajikuna. Sauti ni kubwa, vioo vinatetemeka. Lakini inakaa, inakaa, inaziba mlango. Samahani kwa wanaoipenda. Mimi nishaharibika.

Gitaa la Babu lilitoka wapi? Kichwani halina jina. Karatasi iliyobandikwa ndani mende waliitafuna zamani, kabla ya dawa ya karafuu. Babu anaamini lilikuja na Wajerumani. Msomaji kijana huenda hujui: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na mafundi wao wakaja kutujengea yale majumba ya Kikwajuni na Kilimani. Huko kwao kulikuwa na mji wa Markneukirchen, mji wa mafundi wa ala za muziki tangu karne na karne, na kiwanda cha Musima kikitoa magitaa. Basi Babu anasema mmoja katika Wajerumani hao alipoondoka aliliacha, likaingia katika kikundi kimoja cha mjini kilichokuwa kinapigia wageni. Kikundi hicho sikitaji. Mambo yao yamepita.

Zamani, kwa mpigaji wa kawaida, ala haikuwa yake. Gitaa lilikuwa mali ya kikundi au ya tajiri, usiku unapewa, alfajiri unalirudisha kabatini, na ukigombana na mwenye ufunguo umekwisha, hata kama vidole vyako ni vya dhahabu. Babu alipigia gitaa hilo miaka kumi na moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati madukani hata sabuni hakuna, wacha nyuzi za gitaa, alikuwa akizivua zile za zamani, anazichemsha sufuriani na siki kidogo kama mtu anayepika samaki, anazianika, anazirudisha. Zinapata uhai wa wiki mbili, halafu sufuria tena. Mkewe, Mungu amrehemu, alilalamika kuwa mchuzi unanuka chuma. Kikundi kilipovunjika alikuwa anadai mishahara ya miezi saba. Fedha hazikuwepo. Akaambiwa achukue kitu. Wenziwe walichukua spika, mwengine alichukua viti.

"Mimi nililipwa gitaa," husema, na anasema bila ya uchungu, kama mtu anayesema alilipwa shamba.

Sasa nakuja penyewe, na nilikuwa nalikwepa, kama ulivyoona, kwa kuzunguka San Francisco na Tanga.

Mwezi wa Februari mmoja, mjini kumejaa wageni wa muziki kama kawaida ya mwezi huo, nilijuana na Mjerumani mmoja pale Forodhani, tumesimama kwenye urojo. Akasema yeye anakusanya magitaa ya zamani ya Ujerumani Mashariki. Moyo ukanidunda. Nikamwonyesha picha ya gitaa la Babu kwenye simu yangu yenye ufa. Aliacha kutafuna. Kesho yake asubuhi tukapanda gari mpaka Chukwani.

Babu alimkaribisha kwa kahawa na tende. Yule bwana akavaa miwani, akatoa tochi ndogo, akamulika ndani ya tundu la f. Alikagua gitaa lile kama daktari, hata nikaona haya kuangalia. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, nami nikamfasiria Babu. Shingo imevunjika ikaungwa na mti mwengine. Vigingi si vyenyewe. Rangi imepigwa upya mgongoni. Kwa mkusanyaji halina thamani tena. Babu akaitika kwa kichwa. Yote aliyafanya yeye kwa mkono wake. "Lakini," alisema Mjerumani, na akagusa zile sumaku mbili chini ya nyuzi, ambazo wanamuziki huziita pikapu, zile zinazoisikia nyuzi na kuipeleka sauti kwenye umeme, "hizi ni zenyewe." Anazo mbavu na shingo za gitaa jengine kama lile nyumbani kwake, zimekosa sumaku. Gitaa halitaki. Anataka sumaku, na daraja la nyuzi.

Akataja bei: dola 200.

Babu alikuwa ameniangalia mimi, anangoja fasiri. Paa lake lilikuwa linavuja, na masika hayakuwa mbali. Kule chumbani aliweka beseni kwenye kona na gitaa juu ya kitanda. Mimi nami nilikuwa na kaunta buku tano zinazotaka kupigwa chapa, na yule wa steshenari alikuwa amenitajia fedha ambazo ami yangu hawezi kunipa wala mimi siwezi kumwomba. Ndege haikupita. Laiti ingepita, ningepata nafasi ya kufikiri.

"Anatoa dola 140, Babu," nilisema.

Nimeandika sentensi nyingi katika maisha yangu. Hakuna iliyotoka kwa wepesi kama ile.

Babu akakaa kimya muda mrefu, anapitisha kidole gumba juu ya uzi mnene bila ya kuupiga. Kisha akasema, haya, bismillahi. Mjerumani alilegeza nyuzi kwanza, kwa adabu, hilo nampa haki yake. Akafungua parafujo, akakata nyaya kwa koleo. Zilipotoka zile sumaku, kifua cha gitaa kikabaki na mashimo mawili ya mraba, kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Fedha alinipa mimi mkononi, nje, karibu na gari. Nikahesabu, nikatenga, nikarudi ndani.

Mabati yakanunuliwa. Zile dola 60 nikazitia katika kaunta buku la tano, baina ya sura ya tisa na ya kumi.

Sura ya kumi haikuandikika. Nisiwadanganye kwamba ni kwa sababu ya dhamira peke yake. Ilikuwa sura ngumu, mpiga besi wangu alikuwa anaachwa na mchumba wake na sikujua aseme nini. Lakini kila nikifungua buku ile sura ya yule Mmarekani wa kwenye noti ananikodolea macho, nafunga. Ndani ya mwezi mzima niliandika mistari minne, na mitatu nikaifuta. Barazani kwa Babu nikawa nakwenda kwa kuibia, nakaa kidogo, nasingizia duka.

Usiku mmoja umeme ulikatika mtaa mzima. Nilikuwa narudi kutoka pwani, ile njia inayopita nyuma ya nyumba yake, nikasikia besi. Nilisimama. Gitaa halina sumaku, umeme hakuna, spika hakuna, na besi inakwenda! Haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo, niliisikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Nikazunguka mbele. Babu amekaa kizingitini, daraja la nyuzi kalichonga mwenyewe kwa kipande cha mti, na bega la gitaa kalibana kwenye ule mlango wake wa mbao wa zamani. Tumbo la gitaa linatikisa mlango, na mlango mzima, futi saba za mti mkavu, umegeuka kuwa kifua.  Alikuwa anapiga kitu cha taarab, sehemu yake tu, bila ya fidla, bila ya mwimbaji. Anapiga, anaacha. Nikagundua kwamba pale alipoacha, mimi nilikuwa najazia kichwani wale wote waliokosekana.

Nikakaa chini nikamwambia. Nilimwambia yote, dola 200, dola 140, karibu na gari, sura ya tisa na ya kumi. Hakuacha kupiga. Nilipomaliza akamalizia mzunguko wake, akaziba nyuzi kwa kiganja.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, Babu?"

"Miaka kumi na moja nimewapigia Wazungu. Wakinywa wanaitana mezani, wanahesabiana. Unadhani hesabu zao sizijui? Mia mbili niliisikia kabla hujafumbua mdomo."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema alikuwa anangoja aone nitakwenda nazo mpaka wapi, maana mpigaji akikosea njia huwezi kusimamisha nyimbo katikati ya ukumbi. Unaendelea, unamngoja arudi. Wengine hawarudi, akasema, na akanitajia watatu, wote marehemu.

Asubuhi nilimpelekea zile noti tatu za ishirini. Akazigeuzageuza, akanituma kwa ami yangu nikazivunje kwa shilingi. Nilivyorudi akahesabu fungu dogo, kadiri ya dola kumi, akanisukumia. "Ya udalali. Hii ni haki yako, ungeliomba ningelikupa siku ile." Sikuwahi kupokea fedha nzito kama zile. Zilizobaki tulizipeleka Darajani kwa fundi mmoja wa redio, akatuagizia pikapu moja ya Kichina, akaitia kwenye shimo la juu na la chini akaliziba kwa kibao. Haifanani na zile za mwanzo. Inavuma kidogo, na ukisogea karibu na taa ya tyubu inavuma zaidi. Babu anasema ina makamasi. Lakini anaipiga, na mlango nao haukuachwa, umeme ukikatika hurudi kizingitini.

Ruhusa ya kuandika haya ameniruhusu mwenyewe, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje na habari ya gogo niieleze sawasawa. Natumai nimeieleza.

Riwaya naianza upya. Nimefika sura ya tatu. Juzi aliniuliza, "Yule mjane wako wa watoto saba yuko wapi?"

Nikamwambia nimemfuta.

"Ebo, kwa nini umfute maskini? Mrejeshe. Mtie ukumbini, mpe kiti karibu na spika."